Mbwa kamng'ata mtoto: ana hatia? Misimamo mitatu kuhusu wanyama na maadili

Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria swali hili haliji na jina la falsafa. Linakuja siku dume la jirani linapompiga mtu pembe huko Magu, au mbwa wa mwaloni, pale boti za wavuvi zinapofikia, anapomng'ata mtoto aliyetumwa dagaa. Watu wanakusanyika, na kabla damu haijafutwa maneno yameshagawanyika. Huyu anasema mbwa ni muovu, auawe leo leo. Yule anasema mnyama hana akili, aitwe mwenye mbwa. Mwingine anashikilia kwamba mbwa alijua fika alichokifanya, la sivyo kwa nini alikimbilia chini ya mtumbwi kabla hata hajatishiwa?

Kila mmoja hapo ameshachagua upande katika jambo ambalo wanafalsafa wamelibishania kwa karne nyingi: je, mnyama anaweza kuwa mtenda wa maadili, yaani kiumbe ambaye jema lake ni lake na baya lake ni lake, na anayestahili kusifiwa au kulaumiwa kwalo? Ulinganisho huu ni kwa ajili yako uliyekwama katikati ya sauti hizo, uwe mzazi, mfugaji, mwalimu, mwanafunzi wa mdahalo au kiongozi wa dini anayeulizwa na waumini wake.

Vigezo na matukio ya kupimia

Kila msimamo nitaupima kwa mambo yaleyale: unaelezaje tendo jema la mnyama, unaelezaje tendo lake baya, nani anaitwa kujibu, ushahidi unausaidia kiasi gani, na mwishowe unatuachia wajibu gani sisi. Kigezo cha mwisho ndicho ninachokijali zaidi, kwa sababu mnyama hatasoma makala hii na wewe ndiye mwenye fimbo mkononi.

Matukio ya kupimia ni manne. La kwanza ni mbwa wetu wa mwaloni. La pili lilitokea tarehe 16 Agosti 1996 katika bustani ya wanyama ya Brookfield, karibu na Chicago: mtoto wa kiume wa miaka 3 alitumbukia ndani ya uzio wa magorila, akazimia. Gorila jike, ambaye jina lake ni la Kiswahili kabisa, Binti Jua, akamwinua na kumpakata, huku mwanawe mwenyewe yuko mgongoni, kisha akambeba hadi kwenye mlango wa watunzaji. La tatu ni la Gombe, mkoani Kigoma, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Katikati ya miaka ya 1970 sokwe jike aitwaye Passion, akisaidiwa na bintiye Pom, alikuwa akiwapokonya majike wenzake vichanga vyao, akiwaua na kuwala. La nne ni la Magawa, panya buku aliyefundishwa Morogoro na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini, akapelekwa Kambodia na kugundua zaidi ya mabomu na masalia ya silaha 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimvisha medali ya dhahabu kwa ushujaa. Alikufa Januari 2022.

Msimamo wa kwanza: mnyama hutendewa, hatendi

Mwenye jina kubwa hapa ni Immanuel Kant, Mjerumani wa karne ya 18. Hoja yake, kwa maneno yangu: ili tendo liwe la kimaadili, mtendaji lazima aweze kusimama mbali kidogo na msukumo wake, ajiulize kama inafaa kuufuata, kisha aweze kuukataa. Mnyama ana njaa, hofu, hasira na upendo, lakini hana ile nafasi ya kuuliza, "Je, nifanye?" Christine Korsgaard, mwanafalsafa wa Marekani, bado anaitetea hoja hii katika zama zetu.

Ukiuliza kuhusu tendo jema, msimamo huu una jibu zito. Binti Jua alilelewa na mikono ya watu, na kabla ya kujifungua watunzaji walimfundisha kwa mwanasesere namna ya kubeba mtoto na kumleta kwao. Alichokifanya siku ile kilifanana mno na somo lake. Magawa naye alifanya kazi kwa ujira wa ndizi na karanga. Alikuwa hajui kama kuna mguu wa mkulima ulioponea hapo.

Kuhusu baya, jibu ni lilelile: Passion hakuua kwa dhambi, na mbwa wa mwaloni hakung'ata kwa uovu. Anayeulizwa ni binadamu. Sheria yetu yenyewe inaenda na mantiki hii hata kwa watu, maana Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haimhesabii jinai mtoto wa chini ya miaka 10, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitike kwamba aliweza kujua kuwa hakupaswa kufanya alichofanya. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, nacho kinamgeukia mwenye ng'ombe: ikiwa dume lilishazoea kupiga pembe, mwenyewe akaonywa na asilizuie, hatia ni yake. (Ndiyo, dume nalo linapigwa mawe hapo, na wapo wanaosoma hiyo kuwa adhabu. Wengine wanaisoma kuwa kuondoa hatari na unajisi kijijini.)

Nadhani uzuri wa msimamo huu unaonekana ukikumbuka jinsi dunia ilivyokuwa bila huo. Huko Ufaransa mwaka 1457, mahali paitwapo Savigny, nguruwe jike alishtakiwa mahakamani kwa kumuua mtoto wa miaka 5, akahukumiwa kunyongwa. Wanawe 6 walikutwa na damu mwilini, lakini mahakama haikuwahukumu kwa sababu haikuthibitika kwamba walishiriki. Majaji walikuwa makini kabisa, kila hatua ya sheria ilifuatwa, na bado aliyesimama mbele yao hakuweza kujua hata neno moja la shtaka.

Ushahidi? Yule anayesema mbwa "alijua kosa" kwa sababu alijikunyata amsikilize Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, aliyewajaribu mbwa 14 mwaka 2009. Alipanga mambo ili baadhi ya wenye mbwa waamini kwamba mbwa wao kala chakula alichokatazwa, hali hakula. Mbwa walionyesha uso wa aliyekosa pale walipokaripiwa, wawe walikula au hawakula. Ule uso ulikuwa ukimjibu mwenye mbwa, haukuwa ukikiri tendo.

Udhaifu wake uko kwenye wajibu unaotuachia. Kutoka "hawezi kulaumiwa" watu huteleza haraka hadi "basi mfanyie utakalo". Kant mwenyewe alionya kwamba anayewatesa wanyama anaufanya moyo wake mgumu hata kwa watu, ila hapo mnyama analindwa kwa ajili yetu, si kwa ajili yake. Korsgaard ameliona pengo hilo, na anasema tuna wajibu kwa wanyama wenyewe hata kama wao hawana wajibu kwetu. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, ambayo inakataza ukatili bila kumuuliza ng'ombe kama ana dhamiri.

Msimamo huu unamfaa anayelazimika kuamua nani alipe nini, na nani afungiwe wapi.

Msimamo wa pili: wema anao, kesi hana

Mark Rowlands, mwanafalsafa kutoka Wales, aliuweka msimamo huu wazi mwaka 2012. Anasema tumeyafunga pamoja mambo mawili yanayoweza kuachana: kusukumwa na sababu njema, na kuweza kuzipima sababu hizo. Mtoto wa miaka 3 anayemuona mama yake analia akamletea kikombe cha maji ametenda jambo jema kwelikweli. Hawezi kukueleza kwa nini, na asipoleta hutamfikisha kwa balozi wa nyumba kumi. Rowlands anaona baadhi ya wanyama wako hapo: huruma yao ni huruma, ingawa hawana uwezo wa kuikagua.

Ushahidi hapa ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1964, Jules Masserman na wenzake walichapisha jaribio la kima wa Asia ambao walipata chakula kwa kuvuta mnyororo, lakini mnyororo mmoja ulimpiga shoti ya umeme kima mwenzao aliyekuwa anaonekana. Wengi wakauepuka huo. Mmoja aliacha kabisa kuvuta kwa siku 12, akikaa na njaa. Nikisoma hayo huwa nawafikiria pia watu waliokuwa wameshika swichi. Mwaka 2011 huko Chicago, panya waliachiwa karibu na mwenzao aliyebanwa ndani ya bomba la plastiki angavu. Walijifunza kumfungulia, na walifanya hivyo hata pale palipokuwa na chokoleti pembeni. Mwaka 2014 watafiti wengine walihoji: huenda panya alitaka tu mwenzake wa kukaa naye, hakuona huruma. Hoja hiyo ni ya haki, na anayeshika msimamo wa pili lazima aibebe.

Kwa Binti Jua, msimamo huu hauhitaji kuyakana mafunzo. Nasi tulifundishwa huruma na waliotulea. Kufundishwa hakuifanyi iwe ya bandia. Swali ni kama siku ile alimjali yule mtoto au alirudia zoezi, na kila mmoja ataitazama picha ya tukio na kuamua. Kwa Magawa, msimamo wa pili unakubaliana na wa kwanza: kazi yake iliokoa watu, lakini hakuna dalili kwamba watu hao walikuwa nia yake. Medali ile ni shukrani yetu. Napenda ukali huu wa kutofautisha, kwa sababu si kila tendo lenye faida ni wema.

Sasa upande wa baya, na hapa nataka tukae kidogo. Ukisema kima aliyekaa na njaa alisukumwa na huruma ya kweli, je, utakataa kwamba Passion alisukumwa na ukatili wa kweli? Watu wengi wanataka sifa bila lawama: mbwa akimlinda mtoto ni mwaminifu, akimng'ata ni "silika tu". Huo ni upendeleo wetu. Jibu la uaminifu zaidi katika msimamo huu ni kwamba msukumo wa mnyama unaweza kuwa mwema au mbaya, na hata ule mbaya haumfanyi awe mshtakiwa, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kujikagua na kujizuia. Tunaweza kusema "huu ni ukatili" bila kusema "huyu ana hatia". Kwenye maneno ni nyuzi nyembamba. Kwenye maisha, ndiyo tofauti kati ya kumfunga mbwa na kumpiga mawe mpaka afe mbele ya watoto.

Waislamu wana mlango wao wa kuingilia hapa. Katika Sahihi Muslim, mkusanyo wa hadithi za Mtume, kuna hadithi kwamba Siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe, hata kondoo asiye na pembe atachukuliwa haki yake kwa mwenye pembe. Imamu an-Nawawi aliifafanua kwamba hicho si kisasi cha kiumbe aliyebebeshwa sheria, ni kusawazisha. Dhuluma imetokea na inahesabika, ila mwenye pembe hahesabiwi kama mtu mzima mwenye akili zake.

Msimamo huu unamfaa anayeishi na wanyama kila siku na asiyetaka kuwadanganya watoto wake kwa kusema kwamba wanyama ni mashine, wala kwamba ni watu.

Msimamo wa tatu: wanyama wana maadili yao, na wanawajibishana

Nenda mwaloni jioni, Igombe au Kayenze, jua likiwa limepoa na nyavu zimeanikwa, uwatazame mbwa wadogo wakicheza. Kabla ya kurukiana, mmoja anashusha miguu ya mbele mpaka viwiko vinagusa mchanga, makalio yakibaki juu na mkia ukipepea. Ndipo wanaanza. Wanang'atana shingo lakini meno hayazami. Mkubwa anajiangusha chali makusudi ili mdogo apate zamu ya juu. Mara mmoja anakaza meno. Mwenzake anapiga kelele, mchezo unasimama, wanatazamana. Aliyeumiza anashuka tena viwiko mchangani, ndipo wanaendelea. Akizidisha tena, mwenzake anaondoka na kumwacha peke yake.

Marc Bekoff, mtafiti wa tabia za wanyama, amewachunguza mbwa na jamaa zao wa porini kwa miaka mingi, na mwaka 2009 yeye na Jessica Pierce walitetea wazi kwamba hapo kuna haki: kanuni, kuivunja, kuomba radhi, kusamehe au kutengwa. Kwao, mbwa anawajibika kwa mbwa wenzake. Hana haja ya kuwajibika kwa hakimu wa Mwanza mjini.

Frans de Waal, mtafiti wa sokwe na kima, Mholanzi aliyefariki mwaka 2024, aliongeza mengi. Huko Arnhem, katika miaka ya 1970, aliona sokwe wakimwendea aliyepigwa na kumkumbatia, na waliogombana wakirudi kupatana. Mwaka 2003 yeye na Sarah Brosnan walionyesha kima wa Amerika Kusini wakikataa kipande cha tango walipoona mwenzao analipwa zabibu kwa kazi ileile. Lakini tazama vizuri: anayelalamika ni aliyepunjwa, akidai fungu lake mwenyewe. Na de Waal mwenyewe alikuwa mwangalifu. Alizungumzia misingi ya maadili, hakudai kwamba sokwe wana maadili kamili kama yetu. Hata Charles Darwin, anayenukuliwa sana upande huu, mwaka 1871 aliandika kwamba mnyama yeyote wa kijamii angepata dhamiri kama akili yake ingekua kufikia ya binadamu, kisha akasema hatuna sababu ya kudhani kwamba wanyama wameshafika hapo.

Tendo jema, basi, linaelezwa kwa urahisi: ni mwanajamii anayetimiza kanuni. Baya ndilo linaloubana msimamo huu. Kati ya 1974 na 1978, madume wa kundi la Kasakela huko Gombe waliwawinda na kuwamaliza wenzao wa kundi la Kahama waliokuwa wamejitenga nao. (Kahama hiyo ni bonde ndani ya hifadhi, si mji wetu wa Shinyanga.) Unaweza kusema kanuni zao zinaishia mpakani mwa kundi, na kwa bahati mbaya hilo si geni kwa binadamu pia. Lakini Passion aliua ndani ya kundi lake mwenyewe. Akina mama walipigana naye, na hata hivyo hakufukuzwa. Aliendelea kuishi humohumo na akazaa tena. Kama kuna jamii ya wanyama ambayo tungetegemea kuona hukumu, ni hiyo, na hukumu haikuonekana. Hapo msimamo wa tatu unanipotea kidogo, ingawa mchezo wa mbwa wadogo bado unanishawishi.

Wajibu unaotuachia ni mzito na mzuri: tukimtoa mnyama kwenye kundi lake tunamvunjia maisha yenye utaratibu wake. Kisiwa cha Rubondo, ziwani humu upande wa Geita, kinaonyesha hilo kinyumenyume. Kati ya 1966 na 1969 sokwe waliotoka vifungoni Ulaya waliachiwa huko, bila kundi la wenyeji la kujiunga nalo. Wakalijenga wenyewe, na leo wazao wao wanaishi msituni kama sokwe.

Msimamo huu unamfaa mtafiti, mwongoza watalii, na yeyote anayefuga wanyama wanaoishi kwa makundi.

Uchague upi, kwa hali gani

Kama mbwa amemng'ata mtoto: acha mjadala kwanza. Osha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mkimbize mtoto kituo cha afya akaanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa akipatikana, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10 kama ana kichaa. Mkimuua papo hapo mnajinyima jibu hilo. Hapa shika msimamo wa kwanza. Mbwa mwenye kichaa ana ugonjwa kwenye ubongo, na mwenye mbwa ndiye aliyepaswa kumchanja.

Kama ni dume lililopiga mtu pembe na kesi iko ofisi ya kijiji, msimamo wa kwanza tena. Ulizeni kama mwenyewe alikuwa akijua na kama alionywa. Dume likichinjwa, lichinjwe kwa sababu ni hatari, na kwa kisu kikali kama ng'ombe mwingine yeyote.

Kama ni mamba, misimamo yote mitatu inakubaliana kwamba hakuna wa kulaumiwa. Mwaka 2005 huko Luganga, Uganda, wanakijiji walisema mamba mmoja waliyempa jina la Osama alikuwa amekula watu zaidi ya 80. Walipomnasa, alipelekwa kwenye shamba la mamba. Hasira ya waliofiwa naielewa kabisa, lakini uzio kwenye sehemu ya kuchotea maji na taarifa ya mapema kwa afisa wanyamapori ndivyo vitakavyowaokoa wanaobaki.

Kama unalea mtoto nyumbani pamoja na mbwa au mbuzi, msimamo wa pili utakusaidia zaidi. Mwambie mbwa alimjali, kama ndivyo ilivyoonekana. Usimpige mbwa kwa kosa la asubuhi uliloliona jioni. Jaribio la Horowitz linakuonyesha kwamba atakuwa anaijibu hasira yako tu, si kosa lile.

Kama ni mwalimu, wapeleke wanafunzi kisiwa cha Saanane, ni mwendo mfupi wa boti kutoka Mwanza mjini, wakawatazame tumbili na pimbi kwa kitambo huku wakiandika kila wanachokiona kabla ya kukipa maana. Nani alimpisha nani? Nani alipiga kelele, wengine wakafanya nini? Waanze na msimamo wa tatu kama dhana ya kupima, kisha waubane kwa maswali ya wa kwanza.

Kama uko kwenye mdahalo na umepangiwa kutetea kwamba wanyama ni watenda wa maadili, usiegemee Binti Jua, maana mpinzani mwenye kusoma atakutajia mwanasesere. Tumia kima wa 1964 na mbwa wanaocheza. Ukipangiwa kupinga, acha kusema wanyama hawana hisia, kwa sababu utashindwa mapema. Uliza kwa nini kundi la Gombe liliendelea kuishi na Passion.